Kwa Fundi wa Mabati wa Kakontwe

Mtu asafiriye kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi hupita Likasi baada ya mwendo wa kilomita 120 hivi. Wasafiri wengi husimama hapo kununua mkate na kunyoosha miguu, kisha huendelea na safari yao. Wakiuliza habari za mji, huambiwa juu ya shaba, na juu ya kiwanda cha Shituru kilichoanza kuisafisha shaba kwa nguvu za umeme mwaka 1929. Pengine mzee mmoja atawakumbusha kwamba zamani za Wabelgiji mji huu uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot wa kampuni ya Union Minière. Lakini ni nadra mtu kuwatajia Kakontwe. Hata mimi niliyezaliwa Likasi, nifundishaye watoto wa Likasi, nilikuwa sina habari kubwa za mtaa huo, mpaka motokaa ya marehemu baba yangu iliponipeleka huko.

Kakontwe ni mahali pa mawe ya chokaa. Liko chimbo ambamo jiwe la rangi ya kijivu limekatwa kwa miaka mingi. Likichomwa katika tanuru hugeuka kuwa chokaa, na chokaa hiyo hutumika katika viwanda vya shaba na kobalti ili kupunguza ukali wa asidi. Wataalamu wa miamba wanasema kwamba jiwe hilo lilifanyika chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, kabla hapajawa na mnyama yeyote wa kukanyaga nchi kavu. Nao wamelipa jina la mtaa wetu. Hata wenzao wa Zambia, wakilikuta jiwe la namna hiyo katika ardhi yao, huliita jiwe la Kakontwe. Basi, jina ambalo msafiri hakulisikia barabarani limeandikwa katika vitabu vya wenye elimu.

Nilikwenda Kakontwe mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likiwa limefunika majani ya miembe. Shida yangu ilikuwa hii. Baba yetu alipofariki alituachia nyumba ndogo na motokaa moja kuukuu, Peugeot 404. Motokaa za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1960, mwaka ule ule nchi yetu ilipopata uhuru, na wazee wengi wa Afrika wanazikumbuka kwa heshima, maana zilistahimili barabara zilizozishinda nyingine. Kitinda mimba wa nyumba yetu, msichana, alikuwa amekubaliwa katika shule ya uuguzi, na karo yake ilitakiwa kabla ya masomo kuanza. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Akatokea mtu mmoja aliyetaka kuinunua motokaa ile aifanye taksi katika barabara ya kwenda Kambove. Alisema, "Inyoosheni mabati, ipakeni rangi, nami nitalipa mara moja."

Injini ilikuwa nzima. Ubaya wake ulikuwa kutu. Ilikuwa imevimba chini ya rangi kama majipu, hasa ubavu wa kushoto, nyuma ya kiti cha dereva. Fundi mmoja wa mjini aliitazama kwa dakika mbili, akaniahidi kuimaliza kwa siku tatu na kwa bei ndogo. Nikafurahi. Lakini mama aliniambia, "Kabla hujampa kazi huyo, mwone kwanza mzee wa Kakontwe. Baba yako alimwamini."

Karakana ya mzee huyo ni ua wa nyumba yake. Hapana ukuta wala mlango mkubwa. Pana mwembe mmoja, paa la mabati juu ya nguzo nne, meza ya mbao nzito, kipande cha reli ya garimoshi anachokitumia kama fuawe, na safu ya nyundo zilizotundikwa kwa ukubwa wake kama watoto wa shule katika mstari. Mashina ya nguzo na la mwembe yalikuwa yamepakwa chokaa nyeupe. Kazi ya mtu huyu ni kunyoosha na kuunga mabati ya motokaa. Kwetu Katanga humwita kwa jina la Kifaransa, tolie. Aliijifunza katika karakana ya mgodi, ujana wake wote. Mwaka 2003 Gécamines iliagana na wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na katika miaka ile mafundi wengi wa Katanga walijikuta nyumbani, wenye ujuzi mikononi lakini hawana karakana. Baadhi yao walifungua kazi uani kwao. Ndivyo alivyofanya huyu. Jina lake silitaji, kwa kuwa aliniomba nisilitaje.

"Jambo, baba," nilimsalimu.

"Jambo, mwanangu. Karibu. Motokaa hii naijua kuliko wewe."

Hakuuliza habari za rangi. Alileta sumaku ndogo aliyoitoa katika spika ya redio iliyokufa, akaifunga kwa kitambaa laini, akaanza kuipitisha juu ya bati polepole. Juu ya mlango wa mbele sumaku ilishika. Juu ya paa ilishika. Alipofika chini ya mlango wa nyuma, upande wa kushoto, ilianguka mkononi mwake. Akaijaribu tena mahali pa pili na pa tatu, nayo haikushika. Akasema, "Hapa hapana chuma. Hapa pana mastiki." Mastiki ni ule uji mzito ambao mafundi huzibia mabonde na mashimo, ukakauka kama jiwe. Ukipakwa rangi juu yake, jicho haliwezi kuutambua. Lakini sumaku haidanganyiki.

Kisha akagonga kwa mpini wa bisibisi, akiwa ametega sikio. Chuma kizima kililia kama kengele ndogo, na chuma kilicholiwa kilijibu kwa sauti ya kibuyu chenye ufa. Nikamwambia habari za fundi wa mjini na zile siku tatu. Hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, motokaa ni yako, nami sikuzuii. Ila nataka uone kwa macho yako kile utakachokiuza."

Akachukua patasi na nyundo, akapasua mastiki. Vilitoka vipande vya rangi, udongo mwekundu, maganda ya kutu mazito kama magome ya mti. Nyuma yake palikuwa na shimo lililoweza kupitisha ngumi. Ndani ya shimo palikuwa na karatasi zilizoshindiliwa, zimeshikamana kwa unyevu, na nyaya za shaba zilizosokotwa kushika kingo za bati. Fundi alizivuta karatasi akaziweka juu ya meza. Zile za katikati zilikuwa bado zinasomeka. Zilikuwa kurasa za daftari la hesabu. Mwandiko ulikuwa wangu, wa darasa la tatu.

Ndugu zangu, nilisimama pale nisijue la kusema. Miaka ile ya 1990 ilikuwa migumu sana kwetu Katanga. Baba alikaa miezi mingi pasipo mshahara, na motokaa ile ilikuwa ndiyo njia yake ya kutafuta unga wa nyumba. Shimo lilipotokea hakuwa na fedha za bati wala za gesi. Akachukua alichokuwa nacho, yaani daftari kuukuu la mwanawe na waya wa shaba, akaziba kwa mikono yake mwenyewe.

Nikamwuliza fundi, "Tukiziba tena vizuri kuliko baba alivyoziba, itakaa muda gani?"

Akanijibu, "Itaonekana nzima mpaka mvua za mwaka wa pili. Halafu siku moja itabeba watu sita na mizigo yao, itaingia katika shimo la barabara, na sakafu itafunguka. Siku hiyo wewe utakuwa darasani unafundisha."

Sharti nieleze maana ya maneno hayo. Malori na motokaa nyingine zina miti miwili mikubwa ya chuma chini yake, na mwili wote hukaa juu ya miti hiyo. Peugeot 404 haikuundwa hivyo. Mabati yake yenyewe, yaliyokunjwa na kuunganishwa kama sanduku, ndiyo mifupa yake. Boriti ile nyembamba iliyo chini ya milango si pambo, bali inabeba uzito. Bati lenyewe ni jembamba, nguvu yake yote hutoka katika umbo. Kutu ikiila boriti hiyo, motokaa huwa kama mtu aliyevunjika uti wa mgongo akavikwa shati jipya.

Usiku ule nilimwuliza mama. Nilikumbuka jambo la utotoni. Baba hakukubali hata siku moja mtoto akae kiti cha nyuma upande wa kushoto. Tulibanana sote upande wa kulia, na mahali pale pa kushoto paliwekwa kikapu. Tulidhani springi ya kiti imekatika. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Baba yenu alijua hali ya sakafu ile. Aliniambia, Mimi nitaendesha polepole, nyinyi kaeni upande wa pili, na motokaa hii simwuzii mtu mpaka nitakapopata bati. Bati hakulipata."

Basi, baba alikuwa ameziba, lakini hakumficha yeyote aliyepanda. Mimi nilitaka kuziba ili nimfiche mnunuzi, pamoja na watu wote wa Kambove ambao wangalimlipa nauli. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Tena walio hatarini safari hii hawakuwa watu wa nyumba yangu. Asubuhi nilirudi Kakontwe, nikamwambia fundi afanye kazi jinsi inavyopasa. Akakubali kulipwa mara mbili, nusu sasa na nusu baadaye.

Kazi ilichukua wiki tatu. Nilikwenda kila alasiri baada ya shughuli zangu, na nitawasimulia niliyoyaona, kwa maana vijana wengi wanatamani ufundi huu pasipo kujua taratibu zake.

Kwanza alitoa betri, viti na mazulia. Kisha akalifungua tangi la petroli, akalipeleka mwisho wa ua, mbali na moto. Alisema kwamba tangi tupu ni la hatari kuliko tangi lililojaa, kwa kuwa mvuke wa petroli uliobaki ndani hulipuka kwa cheche moja. Ndoo ya mchanga na ndoo ya maji zilikaa karibu naye siku zote.

Pili, kabla ya kukata chochote, aliiegemeza motokaa juu ya magogo manne, akaipima kwa kamba pembe kwa pembe. Akaweka fito ya chuma kukatiza nafasi ya mlango, akaichomea kwa muda. Nilimwuliza sababu. "Ukikata boriti pasipo kushikiza," alisema, "mwili utalegea kwa kiasi cha kidole kimoja. Utaunga bati lako vizuri sana, na mlango hautafunga tena milele."

Tatu, alikata. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya fundi na mpaka rangi. Hakukata kando ya shimo, bali alikata mpaka bati lilipong'aa pande zote, kisha akaongeza upana wa vidole viwili. Shimo la ngumi likawa dirisha. Moyo wangu uliuma, maana nilidhani motokaa inamalizika mbele ya macho yangu. Mzee alicheka. "Kutu haina mpaka unaouona," alisema. "Ukiiachia kipande kama punje ya mtama, umeiachia mbegu."

Nikamwuliza kwa nini upande ule umeliwa kuliko mwingine wote. Akanionyesha zile nyaya za shaba. Kila mahali waya ulipogusa bati, chuma kilikuwa kimekwisha kabisa, na shaba ilikuwa nzima, yenye ukoga wa kijani tu. Akasema, "Shaba na chuma vikishikana mahali penye maji, chuma ndicho kinacholiwa. Baba yako alitumia kamba iliyo nyingi katika nchi yetu, na kamba hiyo ilikuwa mla chuma."

Maneno hayo ni kweli, na si Kakontwe tu. Kule New York nchini Marekani iko Sanamu ya Uhuru, iliyozinduliwa mwaka 1886. Ngozi yake ni ya shaba, na mifupa yake ilikuwa ya chuma. Waliojenga waliijua hatari, wakaweka kitambaa maalumu kati ya shaba na chuma visigusane. Kwa miaka mingi kitambaa kilichakaa, maji ya mvua yakaingia, na chuma kikaliwa na kuvimba. Katika matengenezo makubwa yaliyomalizika mwaka 1986, pau za chuma zilizoshika ngozi ile ziliondolewa, zikawekwa za chuma kisichoshika kutu. Basi, kosa la baba yangu maskini lilikuwa na ndugu yake mkubwa kando ya bahari.

Tena nilijifunza sababu ya kutu kuvimba. Shaba ikipata ukoga, ukoga hukaa juu yake kama blanketi na kuikinga. Chuma sivyo. Kinapokutana na maji na hewa hugeuka kuwa kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichotoka. Tena ina vinyweleo, haizuii maji, bali huyanywa. Kwa hiyo hupasua rangi, hutenga mabati yaliyoungwa, na kufungua njia kwa maji mengine. Chumvi huiongezea mwendo. Ndiyo sababu motokaa nyingine zinazotujia baada ya kutumika katika nchi za theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, huonekana safi juu lakini zimeoza chini.

Nne, alikata kiolezo cha katoni, akakijaribu mpaka kikakaa sawasawa, ndipo akachora juu ya bati. Bati lenyewe alilitoa katika paa la motokaa iliyokufa. Nilimwonyesha pipa kuukuu lililokuwa kando ya njia, akakataa. "Sijui lilibeba dawa gani ya mgodi. Moto ukiigusa, nitaivuta mimi." Vilevile hachomei bati la kuezekea nyumba mpaka aondoe zinki yake, maana moshi wa zinki huleta homa.

Tano, aliunga. Umeme hukatika mara kwa mara, na zaidi ya hayo mashine ya umeme aliyo nayo hutoboa bati jembamba. Kwa hiyo hutumia gesi anayoitengeneza mwenyewe kwa kabidi na maji, pamoja na chupa ya oksijeni. Hakuunga kwa mstari mmoja, la. Alitia nukta moja hapa, nyingine mbali, akangoja, akagonga kwa nyundo ndogo huku ameshika chuma kizito upande wa pili, kisha akatia nukta kati ya zile mbili. Kwani bati likipata joto jingi mahali pamoja hukunjamana kama ngozi ya mzee.

Jioni moja nilimwona akimwaga mabaki ya kabidi, uji mweupe, katika shimo. Kumbe uji huo ni chokaa. Kabidi hutengenezwa kwa chokaa na makaa, na ikitoa gesi yake hurudi kuwa chokaa. Ndiyo aliyopaka juu ya nguzo na mwembe. Kisha akanionyesha chupa mbili juu ya rafu, zimefungwa vizuri, kila moja ina msumari. Katika ya kwanza alitia maji ya mvua, na msumari ulikuwa mwekundu, maji yamechafuka. Katika ya pili alitia maji ya chokaa, na msumari uling'aa kama siku aliponunuliwa. "Ni miezi minne sasa," alisema. Chokaa huzuia chuma kushika kutu, na kwa sababu iyo hiyo nondo zilizo ndani ya zege nzuri hukaa miaka mingi. Nilifurahi kama mtoto. Siku hizi chupa za namna hiyo ziko darasani kwangu, na wanafunzi wangu wamejua kwamba jiwe la Kakontwe lina kazi nyingine zaidi ya kwenda kiwandani.

Mwisho, alisugua kwa brashi ya waya na msasa, akapaka dawa ya kugeuza mabaki ya kutu, akaosha, akakausha, na siku ile ile akapaka rangi ya kwanza yenye zinki. "Chuma kitupu kisilale nje," ndiyo sheria yake. Mastiki aliitumia, lakini kidogo mno, nyembamba kama ukucha, kwa kusawazisha alama za nyundo tu. Aliiweka juu ya chuma kizima, wala si badala ya chuma.

Kabla ya rangi ya mwisho alinipa waya, akaniambia nilale chini ya motokaa. Chini ya boriti mlikuwa na vitundu vidogo, vimezibwa na udongo mwekundu mkavu. "Waliounda motokaa hii," alisema, "walijua kwamba maji yataingia. Hawakujidanganya. Kwa hiyo waliyaachia mlango wa kutokea. Kila mvua, toka Novemba mpaka Aprili, tope la barabara zetu liliufunga mlango huo. Ugonjwa wote ulianzia hapo." Nilizibua vitundu vyote kumi na viwili kwa mkono wangu. Kisha akamimina ndani nta iliyoyeyushwa pamoja na mafuta, ikapita katika pembe ambazo brashi haifiki. Nikafikiri: kuzibua tundu hakugharimu hata senti moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tunavyofundishwa. Lakini ziko nyufa ambazo waundaji waliziacha makusudi, na hizo tusiziache zikazibika.

Mnunuzi alipokuja, nilimwekea mezani gunia la vipande vilivyokatwa, na kurasa za daftari, na nyaya. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Alivigeuza vipande mikononi kwa muda mrefu. Akasema kwamba motokaa iliyooza hivyo haiwezi kuwa na bei ile ya kwanza, ingawa imetengenezwa. Tuliongea sana. Mwishowe alinunua, kwa bei iliyopungua, nami baada ya kumlipa fundi nilibakiwa na fedha zilizotosha nusu ya karo. Nusu ya pili ninailipa mwezi kwa mwezi katika mshahara wangu, na bado sijamaliza. Mdogo wangu yuko shuleni. Nakiri kwamba ziko siku za mwisho wa mwezi ambapo nakumbuka zile siku tatu za fundi wa mjini. Lakini nikiona taksi ya Kambove imejaa watu, sina haja ya kugeuza uso.

Kabla ya kuondoka na mali yake, mnunuzi alitaka kuijaribu barabarani. Fundi akakaa mbele karibu naye. Nami nikafungua mlango wa nyuma, upande wa kushoto, nikaketi mahali ambapo katika maisha yangu yote sikuwahi kuketi. Tulipita kando ya chimbo la chokaa, barabara ilikuwa na mashimo, na vumbi lilipanda nyuma yetu. Nilikaza miguu yangu juu ya sakafu. Haikutikisika.

Basi, wasomaji wapendwa, na hasa nyinyi wanafunzi: mkipita Likasi, ingieni Kakontwe, mwone jiwe la bahari ya kale na mafundi wa uani. Na mwenye motokaa, baiskeli au paa la bati asingoje mvua. Aondoe udongo, azibue vitundu, atazame chini kabla ya kupaka rangi juu. Akiuza, aseme.